Mwenzangu Aliyenifia Mgongoni

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Nanyi wa rika langu, pamoja na vijana mliobanana pale mlangoni kwa sababu mabenchi yamejaa, nawasalimu wote. Nimesimama hapa kwa neema tu. Kuna miaka ambayo mtu angeniambia kwamba nitasimama mbele ya kanisa nikiwa na akili zangu timamu, ningemwona ananidhihaki.

Mchungaji alianza kuniomba niseme tangu tunapalilia pamba. Nikamkwepa. Pamba ikavunwa, ikapelekwa jineri kuchambuliwa, nami bado nakwepa. Halafu Jumapili iliyopita ikatangazwa hapa kwamba kuna vijana wetu wa Didia waliochaguliwa kwenda chuoni, chuo kilekile nilichokwenda mimi. Mkapiga makofi. Nami nilipiga. Lakini nilipofika nyumbani niliuacha ugali sahanini. Nikamfuata mchungaji nikamwambia, nipe nafasi Jumapili ijayo, kabla vijana hawajapanda treni.

Sitamtaja mtu kwa jina. Wengine wamekufa na wengine wana vyeo. Sikuja kushtaki. Nimekuja kueleza nilivyoanguka na jinsi nilivyoinuliwa, basi.

Mnajua nilizaliwa hapahapa. Baba yangu ni mfugaji, hakusoma hata herufi moja, lakini vita vilipokwisha na ikasikika kwamba serikali inatafuta vijana wa kufundisha wenzao, yeye alikuwa wa kwanza kunitoa machungani. Nikasoma shule ya misheni, nikafaulu, nikaitwa chuo cha ualimu. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka stesheni. Alinishika bega, akanigeuza awaonyeshe watu waliokuwa wanasubiri treni, kama mtu anayeonyesha fahali wake mnadani. Nilikuwa na suruali mpya ya kaki na sanduku la bati. Nilijiona mtu.

Mkuu wa chuo alikuwa Mzungu aliyetoka vitani, sisi tulimwita Kapteni. Yeye aliamini kwamba mwalimu asiyefunzwa kama askari hawezi kutawala darasa. Kwa hiyo alianzisha kikosi cha wanafunzi. Ilikuwa lazima, hasa kwa mwaka wa kwanza. Tulipewa kaptura, mkanda, shati lenye vifungo vya shaba, na bunduki za mbao zilizochongwa palepale chuoni. Kwa gwaride kulikuwa na sajini, Mwafrika mwenzetu aliyerudi kutoka Burma. Lakini sajini alikuwa na saa zake, na saa zote zilizobaki tulikuwa mikononi mwa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Hao waliitwa makoplo. Sisi tuliitwa makuruta. Jina lako ulilobatizwa uliliacha getini.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu akikusimulia maisha ya kuruta unaweza kucheka. Sisi wenyewe mwanzoni tulicheka. Kuruta anakula amesimama, na koplo akigonga meza, umeshiba hujashiba, unaweka sahani chini. Kuruta hatembei, anakimbia, hata akienda chooni. Kuna kichuguu kilikuwa nyuma ya mabweni. Tulipangwa mbele yake tukipigie saluti na kukiomba ruhusa ya kwenda haja, na koplo ndiye anayekijibia. Akisema kichuguu kimekataa, umekataliwa. Nimeona mtu mzima mwenye ndevu akijichafua pale, huku wenzake tumeamriwa tutazame mbele.

Ukidondosha bunduki ya mbao unaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa na kuzunguka uwanja mpaka mikono isijue kama ni yako. Ukichelewa mstarini unajaziwa mchanga kwenye shanta, unabebeshwa mgongoni, unatambaa kwa viwiko juu ya changarawe. Viwiko vyangu hivi, vijana watakaotaka kuviona baadaye wataviona.

Darasani tulisinzia. Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu yake. Tulikwenda pale kujifunza kufundisha, na mwalimu wa hesabu alikuwa anaongea na vichwa vilivyolala juu ya madawati.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha kijana kutoka Usumbwa, huko magharibi, njia ya kwenda Geita. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ndogo. Huyu ndiye aliyenisaidia nisitoroke. Koplo akipaza sauti, "Mguu sawa!", yeye ananong'ona amri ileile kwa Kisumbwa, kwa sauti ya bibi kizee anayemwita mbuzi, na mimi najiuma mdomo nisicheke. Alinifundisha kugawanya sehemu, kitu ambacho kilinishinda tangu misheni. Mimi nilimfundisha kufunga vile vitambaa vya miguuni visifunguke njiani, maana vilimtesa sana. Likizo ya kwanza ilipofika hatukuruhusiwa kwenda makwetu, tulibaki kulima shamba la chuo, basi tukagawana michembe niliyoletewa kutoka nyumbani. Alisema viazi vyenu Wasukuma mnavikausha mpaka vinakuwa mawe, lakini alikula vyote.

Tukafika kiangazi. Kila mwaka kikosi kilikuwa na matembezi makubwa ya kukata mbuga, kwenda na kurudi, shanta mgongoni. Wiki ile mwenzangu alishikwa na homa. Alikwenda kwa dresa wa chuo, dresa akampima kwa mkono shingoni, akampa dawa, akamwambia alale. Aliporudi bwenini koplo wetu akamuuliza nani amempa likizo. Akasema dresa. Koplo akajibu kwamba dresa hana kikosi. Asubuhi ya matembezi alimwinua kitandani.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Sajini hakuwepo siku ile, alikuwa ametumwa mjini kufuata buti za makoplo. Kapteni alitangulia kwa gari mpaka mahali pa kupumzikia. Njiani tulikuwa sisi makuruta, pekupeku wengi wetu, na makoplo. Amri ilikuwa kwamba hakuna kunywa maji mpaka filimbi ipigwe. Kila mmoja alikuwa na chupa yake kiunoni, imejaa, inacheza kila ukipiga hatua, na huruhusiwi kuigusa.

Ile mbuga yetu nyeusi ikikauka mnaijua. Inapasuka nyufa mguu unaweza kuzama, na kingo zake zinakata. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Mwenzangu alikuwa mbele yangu mstarini. Niliona shati lake halina jasho tena, limekauka na chumvi yake. Nikajua hapo pana jambo. Nikamwambia kwa chini, kunywa. Akatikisa kichwa. Tukaenda, tukaenda. Mwisho mkono wake wenyewe ulikwenda kwenye chupa, nadhani hata hakujua.

Koplo alimwona. Akasimamisha mstari. Akaja, akaichukua ile chupa kwa utaratibu, bila hasira, kama mwalimu anayechukua chaki, akasema kikosi kizima kitazame. Akaimwaga. Maji yaliingia kwenye ufa na hayakuacha hata alama.

Akaamuru twende.

Mwenzangu alikwenda. Sijui alikwenda kwa kitu gani. Tulipofika kwenye migunga alianguka kwa magoti, halafu kwa uso. Koplo akasema aachwe, atakuja nyuma akichoka kujifanya. Mstari ukasogea. Mimi sikusogea. Nilivua shanta nikaitupa, na bunduki ya mbao nikaitupa, nikamgeuza. Nikampa maji yangu, yakatoka pembeni ya mdomo. Koplo alirudi akasimama juu yetu.

"Kuruta, rudi mstarini."

"Anakufa huyu," nikamwambia.

"Nimekuamuru."

Nikambeba. Mgongoni, kama mnavyobeba watoto. Nilikuwa nimeona moshi wa mji wa watu, kaya moja tu, upande wa kushoto, nyuma ya uzio wa minyaa, nikaelekea huko. Nyuma yangu niliitwa mtoro. Hakuna mwingine aliyetoka mstarini, wala siwalaumu, tulikuwa tumefundishwa mwaka mzima kutotoka.

Njia ilikuwa ya miiba. Kuna mahali nguvu ziliniisha nikataka kumshusha nipumzike. Akasema sikioni mwangu, maneno yaliyosikika vizuri kabisa: "Usiniweke hapa, kuna miiba." Nikasema sawa. Nikaendelea. Hakusema tena. Kabla sijaufikia ule uzio, uzito wake ulibadilika. Mliowahi kubeba mgonjwa mnajua ninachosema. Mtu aliye hai hata akizimia anakusaidia kidogo kumbeba. Huyu aliacha kunisaidia.

Mwenye mji alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, alikuwa anapeta mtama. Hakuniuliza mimi nani. Alitandika ngozi ya ng'ombe kivulini, tukamlaza. Alimlowesha uso, akamwita, akamsugua miguu. Halafu akaacha. Akaingia ndani akatoka na kaniki yake nzuri, haijafuliwa hata mara moja, akamfunika. Mimi nikasema, mayu, mama yangu, huyu hatakurudishia nguo yako. Akasema anajua.

Gari la Kapteni lilikuja kumchukua. Alizikwa siku ileile, nje kidogo ya uzio wa chuo, kwa sababu ya joto, ndivyo tulivyoambiwa. Kwao alitumwa mjumbe kupeleka habari kwamba kijana wao amekufa kwa homa.

Kesho yake niliitwa ofisini. Kapteni alikuwepo, koplo alikuwepo. Kapteni hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliniambia kwa upole kwamba marehemu alikuwa na homa tangu mwanzo wa wiki, na kwamba mimi ndiye niliyelala karibu naye, kwa hiyo naweza kuthibitisha. Nikasema ndiyo, alikuwa na homa. Akafurahi. Nikaongeza kwamba alinyimwa maji pia, na maji yake yalimwagwa. Akaniangalia. Akasema nitafakari vizuri, maana mwanafunzi aliyetoroka kikosi kwenye matembezi anafukuzwa, lakini mwanafunzi aliyechanganyikiwa kwa kufiwa na rafiki anaweza kusamehewa. Niliielewa biashara yake. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, yalimwagwa."

Walinifukuza mbele ya gwaride. Kikosi kizima kilipangwa, nikasimamishwa katikati, na sajini akaamriwa anitoe mkanda na vifungo. Ilikuwa desturi ya jeshi, alisema Kapteni. Sajini alikuja na kisu kidogo. Alikata kwa haraka mpaka akachana shati. Alipofika kifungo cha juu, karibu na koo, alisema kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia, "Burma hatukunyimana maji." Akakata, akageuka.

Nikarudi Didia bila vifungo.

Habari zilikuwa zimenitangulia. Zilisema nimeogopa jeshi nikatoroka. Nilijaribu kumweleza baba. Alinisikiliza mpaka katikati, akaninyamazisha. Alikuwa ameonyesha watu fahali wake stesheni, sasa fahali amerudi anachechemea. Akaniambia, "Wenzako wamerudi Burma hawana mikono. Wewe umeshindwa na bunduki ya mti." Baada ya hapo hakusema nami tena. Tulikula chungu kimoja, mimi na yeye, hatusemi. Msimu mzima ulipita hivyo. Kuna wakati hata mimi nilianza kuamini kwamba labda niliogopa.

Nikaondoka bila kuaga, nikashika njia ya Tinde, nikadandia lori la pamba, na mengine, mpaka Geita, kwenye mgodi wa dhahabu.

Kule mgodini hakuna anayekuuliza ulikotoka. Kuna Wafipa, kuna Wanyakyusa, Waha, Wazinza, Wakristo, Waislamu, kila mtu amekimbia kitu au anakimbilia kitu. Nilipata kibarua cha chini ya ardhi, kusukuma mikokoteni ya mawe. Mchana unaingia shimoni, ukitoka jua limekwisha kuondoka. Mimi nilipenda hivyo. Lakini kulikuwa na filimbi. Kabla ya kulipua baruti nyapara alipiga filimbi, na mimi kila ikipigwa, mwili unakakamaa mguu sawa, mikono ubavuni, siwezi kuinama. Wenzangu walicheka, wakaniita askari. Ndipo nikaanza kunywa moshi, ile pombe kali ya magendo. Mnaijua moshi, sihitaji kuieleza kanisani. Nilikunywa kwanza niweze kulala, halafu nikanywa niweze kuamka. Nilikonda. Nguo zangu zilinuka. Niliacha kuoga, niliacha kuomba, na kama kuna mama aliyekuwa ananiombea huku Didia, nilimwona anasumbuka bure.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipofika chini kabisa, na sisemi chini ya ardhi.

Siku moja filimbi ilipigwa. Watu wakatoka. Mimi safari hii sikukakamaa. Nilikaa chini. Niliegemea jiwe, nikakunja miguu, nikasikia utulivu ambao sikuwa nimeusikia tangu chuoni. Nilijua vizuri kwamba baruti imewashwa. Sitawadanganya kwamba niliteleza au nilikuwa nimelewa. Siku ile sikuwa nimekunywa kitu. Nilikuwa nimechoka, nikakaa.

Aliyerudi kunichukua ni mchimbaji mwenzangu, Mwislamu kutoka pande za Kigoma, mtu wa maneno machache tena makali. Alihesabu watu akaona askari hayupo. Hakuniita. Alinishika kwa ukosi akaniburuta kama gunia, na tulipokata kona mlima ulinguruma nyuma yetu, vumbi likatupita. Tulipofika juu akaniachia. Nilidhani atanipiga. Akakaa chini kando yangu, akatema vumbi, akauliza, "Nani wako amekufa?"

Sikutegemea swali lile. Nikamwambia ni rafiki yangu. Akauliza alikufaje, na mimi, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza tangu nizuiwe na baba yangu mzazi, nikasema lote, tangu kichuguu mpaka kaniki. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama kwao wanajua. Nikasema wanajua homa.

Basi akanieleza habari zake. Ana ndugu aliyechukuliwa vitani. Siku moja akaja tarishi akasema amekufa, akaondoka. Amekufaje, wapi, mikononi mwa nani, hakuna ajuaye. Akasema, "Mpaka leo kila Idi mama yangu anamtilia chakula. Yupo kijana mahali fulani aliyekuwepo, anajua, na hajaja. Mimi namtafuta yule kijana kwenye kila uso. Kwa mama mwingine, kijana huyo ni wewe. Nenda."

Nikamwambia naogopa. Walinitisha chuoni kwamba nikieneza maneno nitafungwa. Akasema gereza halina baruti.

Akaniombea ruhusa kwa nyapara. Siku za kwanza nilitetemeka kwa kukosa moshi mpaka akanifunga na blanketi lake. Nilipoweza kutembea akanisindikiza mpaka njia panda ya kwenda Usumbwa. Akanipa shati lake, akarudi zamu.

Kijiji cha mwenzangu hakikuwa kigumu kukipata, alikuwa amenieleza mara nyingi: mizinga ya nyuki juu ya miti, nyumba ya mwisho kabla ya kijito. Mama yake alikuwa mjane, anabangua karanga mlangoni. Sura ileile, wembamba uleule. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha kigoda. Nikasema nilisoma na mwanao. Akaacha kubangua.

Nilitaka kuanza mbali. Hakuniruhusu. Aliuliza, "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Haya. Sema."

Nikasema. Sikumpunguzia hata kidogo, kwa sababu nilimwona hataki kupunguziwa. Niliposema habari ya maji alifumba macho. Nilipofika kwenye miiba, nilisita, kisha nikamwambia maneno yale kama yalivyosemwa. Na yule mama, jamani, alicheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akasema ndiye huyo, ni yeye kabisa, tangu anatambaa alikuwa anaogopa miiba, alikuwa anabebwa mpaka mtoni akiwa mkubwa na wenzake wanamcheka. Halafu akauliza, "Ulimweka wapi basi?" Nikasema juu ya ngozi ya ng'ombe, kivulini, na mama mmoja akamfunika kaniki mpya. Akasema, "Vizuri." Akasema tena, "Vizuri." Kisha akaanza kulia kilio chenyewe, majirani wakaja, na msiba uliokuwa umeliliwa nusu ukaliliwa upya.

Nilikaa pale. Sikuwa na pa kwenda, naye hakunifukuza. Nilimlimia karanga, nikamtengenezea paa. Moshi sikuionja. Sikuahidi mtu, sikuapa, ila mama yule alikuwa ananitazama kila nikitoka na kila nikirudi, na sikuweza kurudi mbele ya macho yale nikiwa nimelewa. Akajua pia kwamba kwetu siongei na baba. Akauliza kwa nini. Nikamweleza bunduki ya mti.

Mvua zilipokatika akafunga mzigo wake, akasema twende kwenu.

Baadhi yenu mnakumbuka alipofika hapa Didia, mama mgeni aliyekuja kwa miguu kutoka Tinde. Baba alikuwa zizini. Mimi nilibaki nje ya uzio. Mama alimwamkia kwa heshima zote, akakataa kukaa, akamwambia: "Mzee, nimetoka mbali kuja kukushukuru. Mwanangu alipokufa, mwanao ndiye aliyembeba. Wengine wote walikuwa hodari, walibaki mstarini."

Baba alisimama na kamba ya ndama mkononi. Halafu akatoka nje ya zizi akapita karibu naye, akanifuata nilipokuwa, akaniita ng'wanone, mwanangu. Hakuwa amenitamkia neno hilo tangu niko mdogo. Alinishika bega lilelile, lakini hakunigeuza kwa mtu yeyote.

Tulikwenda watatu chuoni, mama, baba na mimi. Kapteni alikuwa ameshahamishwa, mkuu alikuwa mwingine. Mlinzi alitukataza getini, mama akakaa chini, na baba yangu, ambaye hajawahi kubishana na serikali, akakaa kando yake. Walikaa mpaka mkuu mpya akatoka mwenyewe. Akaturuhusu. Kaburi halikuwa na alama. Ng'ombe walikuwa wanapita juu yake. Nililijua kwa shina la mti uliokatwa. Tulikusanya mawe, baba alibeba makubwa zaidi ingawa nilimkatalia, tukalizungushia. Mama alipiga magoti akazungumza na mwanawe kwa Kisumbwa. Sikuelewa yote, wala hayakuwa yangu kuyaelewa.

Hatukupata hukumu ya mtu yeyote. Nawaambia ili msije mkadhani hadithi hii ina mwisho mtamu. Mkuu mpya alisikiliza, akasikitika, akasema mambo hayo yamepita. Yule koplo nilikutana naye mwaka jana stesheni ya Shinyanga, amevaa tai. Aliniuliza habari za siku nyingi kama watu waliocheza mpira pamoja. Nikamjibu nzuri. Treni ikaja akapanda. Nilibaki nimeketi kwenye sanduku langu mpaka treni ilipopotea. Na cheti cha ualimu sikukipata, sitakipata. Ninachofanya ni kufundisha wazee na kina mama kusoma hapa kanisani, jioni za kazi, kama mnavyojua, na mwenye kutaka kugawanya sehemu namfundisha pia.

Sasa nishukuru, nikae. Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama wa kaniki, ambaye simjui jina na sikurudi kumwona akiwa hai. Namshukuru sajini popote alipo. Namshukuru mwenzangu wa Kigoma, ambaye bado yuko Geita, na ambaye wengine wenu hamtaki nimtaje hapa kwa sababu ya dini yake, mimi namtaja. Namshukuru mama yangu wa Usumbwa, anayekuja kila baada ya mavuno na leo yuko kwenye benchi la pili, amekataa kusimama. Na baba yangu aliye kando yake. Wabeja sana, asanteni.

Vijana mnaokwenda, nendeni. Sikusimama kuwazuia. Someni, mrudi mfundishe. Lakini mkiamriwa kumwacha mtu chini, msikubali, hata kama itawagharimu chuo.

Na ninyi wazazi mliowapigia makofi, msiishie stesheni. Wafuateni. Nendeni mkaone wanapolala, muwaulize wanakula nini, muwaulize nani anawaamrisha. Mtoto akirudi nyumbani na maneno mazito, msikilizeni mpaka mwisho, hata yakiwatia aibu. Na siku ikitokea, Mungu aepushe, mkaletewa habari ya msiba kwa neno moja, msimruhusu mjumbe aondoke. Mkalisheni. Muulizeni ni nani alikuwepo. Kisha mtafuteni mtu huyo, kwa sababu mahali fulani naye amekaa, anangoja kuulizwa.